Miaka Sabini na Kinyungu Kimoja: Kisa cha Mwalimu wa Kwaya Aliyekata Tamaa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika mtaa mmoja wa usharika wa Kilutheri kwenye vilima vya Iringa, ambako nilihudumu kama mwinjilisti. Nimekiandika kwa ajili ya wainjilisti, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, kwa sababu ndio wanaobisha hodi wa kwanza katika nyumba ya mtu aliyevunjika moyo, na mara nyingi ndio wanaokosea wa kwanza. Majina yote, jina la kijiji na mwaka vimeondolewa, na mambo mawili madogo yamebadilishwa ili familia isitambulike. Mhusika mkuu, ambaye nitamwita mwalimu kwa kuwa ndivyo kijiji kizima kinavyomwita, aliusoma mswada huu, akafuta sentensi mbili na kuruhusu zilizobaki. Mkewe pia aliusoma.

Usuli

Mwalimu alikuwa na umri wa miaka 46, baba wa watoto wanne, wawili kati yao wakiwa sekondari. Kwa miaka 17 alikuwa amefundisha kwaya ya mtaa wetu bila malipo, akiandika noti za solfa, zile za do-re-mi, kwa mkono katika daftari kubwa ambalo jalada lake lilikuwa limeunganishwa kwa gundi ya viatu. Riziki yake ilitoka kwenye ekari mbili za viazi mviringo.

Wasiovijua vilima vyetu wanapaswa kuelewa kwamba mvua zetu ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na kwamba mkulima wa viazi huingiza karibu fedha yake yote ardhini ndani ya wiki chache za mwanzo: mbegu, mbolea, vibarua, dawa za kupulizia. Mwaka huo mwalimu alikopa Sh 1,200,000 kutoka VICOBA, kikundi cha kijijini cha kuweka na kukopeshana, ambazo pamoja na riba zilipaswa kurejeshwa zikiwa Sh 1,320,000. Fedha hizo hazikutosha. Alichukua mbolea na dawa za Sh 280,000 kwa mkopo dukani, kisha, bila kumwambia mkewe, akaenda kwa mtu mmoja wa mjini anayetoa ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Huko alipewa Sh 600,000 kwa riba ya asilimia 30 kila mwezi, na pikipiki yake ikabaki kuwa dhamana.

Kuna deni jingine ambalo nisingelitaja kama yeye mwenyewe asingelitaja. Mwezi Januari, kama kila mshiriki, alijaza kadi ya ahadi kwa kanisa. Aliandika Sh 150,000. Katika mtaa wetu ilikuwa desturi kwamba kila baada ya miezi mitatu mhazini husimama mbele baada ya matangazo na kuisoma orodha: jina, namba ya bahasha, kiasi kilichoahidiwa, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichobaki.

Mtiririko wa matukio

Mwishoni mwa Januari mvua ilinyesha kwa siku nyingi mfululizo, na ukungu ukashuka mashambani asubuhi hadi karibu saa sita. Viazi vya mwalimu vikashikwa na ule ugonjwa ambao wakulima huuita ukungu na maafisa ugani huuita bakajani chelewa. Majani huanza kwa madoa meusi yenye majimaji, upande wa chini hutanda utando mweupe, na katika hali ya baridi na unyevunyevu shamba zima laweza kuwa jeusi ndani ya siku chache. Alipulizia dawa, lakini alipulizia baada ya madoa kuonekana, na aliipunguza nguvu kwa maji ili imtoshe ekari mbili. Mwezi Machi alivuna magunia 19, mengi yakiwa ya viazi vidogo ambavyo madalali wa malori ya Dar es Salaam hawakutaka hata kuvipima.

Ibada ya mwisho wa Machi ilikuwa ya kusomwa orodha. Mhazini alisoma jina la mwalimu, akasema, "kilicholipwa, hakuna," akaendelea na jina linalofuata. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya kwaya, mkono ukiwa tayari umeinuliwa kuanzisha wimbo. Aliuanzisha, wakauimba hadi mwisho, na baada ya siku hiyo hakuonekana tena kanisani. Pasaka ya mwaka huo kwaya iliimba bila mwalimu.

Mwezi Aprili nilimtembelea mara ya kwanza. Nilimkuta ameketi barazani, hajanyoa, na kuna harufu ya ulanzi, pombe ya mianzi. Nilimsalimu, "Kamwene, Mwalimu," akaitikia kwa sauti ya chini. Nikamsomea Yeremia 29:11, aya ambayo nadhani imesomwa katika nyumba za wenye huzuni kuliko aya nyingine yoyote, kwamba Bwana anajua mawazo anayowawazia watu wake, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya. Nikamwambia avumilie kidogo tu, mlango utafunguka. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akaniuliza, "Miaka sabini, Mwinjilisti?"

Sikuelewa mara moja. Nilipofika nyumbani nilifungua tena, nikaona kwamba aya ya 10, iliyo juu tu ya ile niliyoisoma, inasema kwamba ahadi hiyo itatimia baada ya miaka sabini. Mtu aliyefundisha kwaya kwa miaka 17 alikuwa ameyaimba Maandiko mengi kuliko niliyokuwa nimeyahubiri mimi.

Mwanzoni mwa Mei kikundi cha maombi cha mtaa, watu saba, kilikwenda nyumbani kwake jioni bila kunitaarifu. Walikuwa na nia njema. Waliomba hadi karibu saa sita usiku, wakamwekea mikono, wakakemea roho ya umaskini na roho ya kukataliwa, na mmoja wao akamtaka atafakari kama kuna dhambi iliyofungua mlango. Baada ya usiku huo mwalimu alianza kulala mchana na kukesha usiku. Aliacha kwenda shambani. Siku nyingi chakula alichotengewa kilirudi jikoni.

Wiki mbili baadaye mkewe alikuja nyumbani kwangu asubuhi na mapema, akiwa amebeba mfuko wa salfeti. Ndani yake zilikuwamo dawa zote za shamba zilizokuwa stoo. Alisema, "Mwinjilisti, nitunzie hizi. Naogopa kuziacha pale." Hakuongeza neno.

Maamuzi na sababu zake

Siku hiyohiyo nilimwendea mchungaji wa usharika, na maamuzi yaliyofuata tuliyafanya pamoja, isipokuwa pale nitakapoeleza vinginevyo.

La kwanza lilikuwa kumuuliza mwalimu swali la kifo waziwazi. Nilikuwa nikiamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua ni kumpandia wazo hilo. Mchungaji, ambaye aliwahi kupata mafunzo ya ushauri hospitalini, alinieleza kwamba sivyo. Swali linaloulizwa kwa upole na bila kuzungukazunguka humpunguzia mtu mzigo wa kulibeba jambo hilo peke yake. Tulikwenda jioni. Mchungaji alimuuliza, "Mwalimu, umewahi kufikiria kujitoa uhai?" Alikaa kimya kwa muda mrefu sana, akiung'oaung'oa uzi wa blanketi alilojifunika, kisha akajibu, "Nimefikiria, Baba Mchungaji. Si mara moja." Kesho yake mchungaji alimpeleka mwenyewe kituo cha afya, na kutoka hapo akapewa rufaa ya hospitali ya wilaya, ambako alielezwa kwamba ana sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, akaanzishiwa dawa na kupangiwa tarehe za kurudi. Nakiri kwamba nilisita kidogo juu ya dawa, nikihofu waumini watasema imani yetu imeshindwa. Mchungaji aliniuliza kama nilisita pia nilipotibiwa malaria.

La pili lilikuwa kuzuia ziara za makundi. Tuliamua kwamba kwa wakati huo watembeleaji watakuwa watatu tu: mimi, mchungaji, na mzee mmoja wa kanisa aliyewahi kuwa karani wa chama cha ushirika. Nilipangiwa kila Jumatano, na nilipewa sharti kwamba nisiende kuketi sebuleni bali niende kufanya kazi yoyote nitakayomkuta nayo, na kama hana kazi, nipasue kuni.

La tatu lilikuwa kuyahesabu madeni. Kazi hii aliifanya yule mzee, na aliifanya kwa ustadi ambao sijauona kwa wachungaji wengi. Alimwomba mwalimu karatasi. Mwalimu hakuwa na karatasi, akaleta daftari la solfa, akafungua ukurasa wa nyuma. Upande wa mbele kulikuwa na wimbo wa Pasaka ulioishia mstari wa tatu. Sauti ya kwanza na ya pili zimejazwa, besi na teno ziko wazi. Mzee akamwambia aandike kila anayemdai. Wa kwanza mwalimu kumwandika hakuwa mkopeshaji, wala VICOBA. Aliandika: "Kanisa, ahadi, 150,000."

Nilikuwapo, na nilishuhudia mzee akiichukua kalamu, akaufuta mstari ule polepole, akasema, "Hili si deni. Ahadi uliitoa kwa Mungu juu ya mavuno, mavuno hayakuwapo. Endelea." Yaliyobaki yalikuwa VICOBA Sh 1,320,000, duka Sh 280,000, na yule mtu wa mjini Sh 600,000 pamoja na riba ya miezi miwili ambayo haikulipwa, Sh 360,000. Jumla ilikuwa Sh 2,560,000. Mwalimu aliitazama ile jumla akasema alikuwa akidhani ni kama milioni nne. Deni lililoandikwa lilikuwa dogo kuliko deni la usiku.

Mzee alikwenda mjini na mwalimu kuonana na mkopeshaji. Alimkumbusha, bila kupandisha sauti, kwamba chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 anayekopesha kwa biashara anatakiwa kuwa na leseni, akamwomba aione. Mazungumzo yalibadilika. Walikubaliana Sh 780,000, yaani mtaji na riba ya mwezi mmoja, kwa awamu tatu, na pikipiki irudi baada ya awamu ya kwanza.

La nne lilihusu Neno. Niliacha kumpelekea aya za kumpa moyo. Badala yake mchungaji alinishauri nimsomee zaburi za maombolezo, bila mahubiri. Jumatano ya kwanza ya Juni nilimsomea Zaburi 88, ambayo haina mstari wa furaha hata mmoja na inafungwa na neno la giza. Nilipomaliza nilitaka kusema kitu, nikajizuia. Mwalimu aliuliza, "Na hii imo humo ndani?" Nikampa Biblia aangalie mwenyewe.

La tano, na ambalo naliona kuwa kiini cha kisa chote, lilitoka kwa mwalimu mwenyewe kupitia swali lake la mwanzo. Nilikuwa nimeirudia Yeremia 29 na kuisoma kuanzia juu, nikaona kwamba sura ile ni barua ya nabii kwa watu waliopelekwa uhamishoni, na kabla ya kuwaahidi lolote inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, hukohuko Babeli, katikati ya hasara. Nilimsomea sehemu hiyo tukiwa bondeni. Mwalimu ana kinyungu, yaani matuta ya bondeni ambayo watu wetu huyalima wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini, na mwaka huo kilikuwa kimeachwa na kuota magugu hadi kiunoni. Nilimuuliza kama tungeweza kusafisha tuta moja. Nilisema moja kwa makusudi, kwa sababu mtu ambaye kuoga ni kazi ya nusu siku hawezi kuambiwa alime kinyungu kizima. Siku hiyo tulisafisha nusu ya tuta. Jumatano iliyofuata nilikuta matuta mawili yamekamilika, na umande wa barafu wa Juni ukiwa bado mweupe juu ya magugu yaliyolazwa pembeni.

Matokeo

Kinyungu kilipandwa maharage na kabichi. Kufikia Desemba kilikuwa kimeingiza Sh 410,000. Nguruwe wawili wa mkewe waliuzwa kwa Sh 460,000. Na kibarua cha kupasua mbao kilileta Sh 360,000. Kwa fedha hizo, Sh 1,230,000, walimaliza deni la mjini na la duka, wakapunguza la VICOBA kwa Sh 170,000. Kikundi kilikubali Sh 1,150,000 zilizobaki ziingie mzunguko wa mwaka uliofuata.

Mbegu ya viazi aliipata safari hii kwa mkulima aliyeshauriwa na afisa ugani, badala ya kurudia mbegu yake mwenyewe, na alielezwa kwamba dawa ya ukungu hupulizwa kabla ya madoa, si baada. Alilima ekari moja.

Usingizi ulirudi kwanza, hamu ya chakula ikafuata. Ulanzi haukuisha kwa siku moja. Uliisha wenyewe sehemu fulani, kwa kuwa kiangazi mianzi haitoi, na msimu uliofuata alikunywa kidogo mbele za watu na akarudi nyumbani. Alirudi kanisani Agosti, akaketi benchi la nyuma. Septemba aliingia kwenye mazoezi ya kwaya akiwa mwimbaji wa besi, chini ya kijana aliyekuwa mwanafunzi wake, na alikataa kuchukua kiti cha ualimu alipoombwa. Majilio, yaani majuma ya kungojea Krismasi, yalipokaribia, alikuja na lile daftari la solfa na wimbo aliouandika kwa sauti nne kutoka Zaburi 130, ile inayoanza, "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia." Wimbo wa Pasaka ulioishia mstari wa tatu haujaguswa hadi leo.

Uchambuzi

Nianze na makosa, na kosa la kwanza ni langu. Nilimtolea mwalimu maneno ya Yeremia kwa sauti ya Hanania. Katika sura ya 28, Hanania anawatangazia watu kwamba ndani ya miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa, na kila aliyesikia bila shaka alifurahi. Yeremia ndiye aliyesimama kusema muda ni mrefu. Mtumishi anayemwambia mkulima aliyefilisika kwamba "mlango utafunguka hivi karibuni" hana alichoonyeshwa. Anasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kuvumilia kuketi karibu na huzuni. Tumaini la Kikristo halina tarehe ya kumtuliza mtembeleaji. Paulo katika Warumi 5 analiweka mwisho wa mnyororo, baada ya dhiki, saburi na uthabiti wa moyo, na sisi tulikuwa tukijaribu kulikabidhi mlangoni kabla hata ya kuvua viatu.

Kuhusu kikundi cha maombi, sitaki nieleweke kwamba maombi yalikuwa kosa. Kosa lilikuwa mambo matatu yaliyoambatana nayo: wingi wa watu katika nyumba ya mtu mwenye aibu, saa walizokaa, na lile swali la dhambi. Marafiki wa Ayubu wanalaumiwa sana mimbarani, lakini Ayubu 2:13 inasema kwamba waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila yeyote kusema neno. Walianza kuharibu walipoanza kueleza sababu. Sababu ya viazi kufa ilikuwa baridi, mvua, mbegu ya kurudia na dawa iliyochelewa, na afisa ugani aliieleza kwa dakika kumi chini ya mti. Maelezo yale, ambayo hayakutaja Mungu hata mara moja, yalimwondolea mwalimu shutuma ambayo kikundi cha maombi kilimwachia. Nadhani wainjilisti tunapaswa kulitafakari hilo: ukweli wa kawaida juu ya jani na mvua ulikuwa huduma ya kiroho.

Orodha ya ahadi ni jambo zito zaidi, kwa sababu si kosa la mtu mmoja. Tulikuwa tumejenga utaratibu ambao kwa huo mtu aliyevuna vizuri hutajwa kwa heshima na aliyepoteza kila kitu hutajwa kwa jina, namba na sifuri, mbele ya watoto wake. Kisha mtu huyo asipoonekana tunasema amerudi nyuma. Mwalimu hakumwacha Mungu mwezi Machi. Aliikimbia orodha. Alipoliandika kanisa kuwa mdai wake wa kwanza, juu ya mtu anayetoza asilimia 30 kwa mwezi, alikuwa anatuambia tumekuwa nani machoni pake, na hakuna mahubiri juu ya neema ambayo yangefuta mstari ule. Ulifutwa kwa kalamu.

Kati ya yaliyofaa, naona mpangilio ulikuwa na maana kuliko kitendo kimojakimoja. Usalama wa uhai ulitangulia, kisha tiba, kisha hesabu, kisha maombolezo, kisha tuta moja. Kama tungeanza na kinyungu mwezi Aprili angekiona kuwa lawama, kwamba tunamwita mvivu. Kama tungeanza na Zaburi 88 kabla ya kumuuliza swali la kifo, tungekuwa tumecheza na moto. Na kama hesabu isingefanyika, nadhani kila aya niliyomsomea ingeendelea kugongana na ile milioni nne ya kichwani mwake.

Maombolezo yalifanya kazi ambayo sikuitarajia. Theluthi hivi ya zaburi zote ni za kulia, ilhali katika ibada zetu tunaimba za kushukuru, na mtu aliye gizani huhitimisha kwamba kitabu hiki ni cha watu wengine. Swali la mwalimu, "Na hii imo humo ndani?", lilikuwa swali la mtu aliyegundua kwamba nyumba aliyodhani amefukuzwa ina chumba chake. Luther mwenyewe, ambaye alijua vipindi vya giza, alitunga mojawapo ya nyimbo zake za mwanzo kutokana na Zaburi 130. Sisi tunaojiita kwa jina lake tumekuwa na haya ya kuimba hivyo.

Jambo moja tulilikosea mwishoni kabisa, tulipodhani tumeshajifunza. Sikukuu ya Mavuno ilipofika, mwezi Agosti, wiki tatu baada ya mwalimu kurudi kanisani, baraza lilimwomba atoe ushuhuda kabla ya mnada wa mazao. Nilikuwa miongoni mwa waliopendekeza. Alikuja nyumbani kwangu usiku akasema, "Mwinjilisti, mnataka niseme nimetoka. Mimi bado nimo njiani." Hakutoa ushuhuda. Alileta beseni la maharage mabichi ya kinyungu, akaliweka madhabahuni kati ya mazao mengine, akarudi benchi la nyuma. Habakuki anaposema kwamba mashamba yajapokosa kutoa chakula atamfurahia Bwana, anasema zizi likiwa bado tupu. Hakungoja ng'ombe warudi, lakini pia hakuna aliyemsimamisha mbele ya watu atoe hesabu ya furaha hiyo. Tulitaka kuigeuza huzuni ya mtu kuwa mtaji wa ibada yetu. Alikuwa na haki ya kukataa, na kama angekuwa mtu mwenye moyo laini zaidi angekubali na pengine angeanguka tena.

Na kuna mtu ambaye sisi sote watatu hatukumwona. Kuanzia Aprili hadi Julai nilifika katika nyumba ile zaidi ya mara kumi, na kila mara mkewe alinipokea, akanitengea kiti, akaniletea chai. Ndiye aliyeyaondoa madawa stoo. Ndiye aliyeuza nguruwe. Ndiye aliyegundua deni la siri siku ileile mzee alipolihesabu, akiwa amesimama mlangoni na sinia mkononi. Aliposoma mswada huu alitaka sentensi yake moja iongezwe, nami naiweka kama alivyoitamka: "Mlikuja kumwangalia yeye, na mimi mlinisalimia." Wanawake wa jumuiya waliokuwa wakimletea unga hawakuwa na maelekezo yoyote kutoka kwetu, walikuja kwa akili zao. Mpango wowote wa kumhudumia mtu aliyevunjika moyo ambao haumtaji kwa jina anayelala naye nyumba moja ni mpango nusu, na wetu ulikuwa hivyo.

Tangu Januari iliyofuata orodha ya ahadi haisomwi tena katika mtaa wetu. Kila mshiriki hupewa karatasi yake ndani ya bahasha. Katika robo ya kwanza makusanyo yalipungua. Wazee wawili wameandika barua wakitaka usomaji urudishwe, mmoja wao akiwa yule karani aliyeufuta mstari wa ahadi katika daftari la mwalimu, ambaye anasema kufuta deni la mtu mmoja na kuficha hesabu za kanisa zima ni mambo mawili. Barua yao ni ajenda ya nne katika kikao kijacho cha baraza, na mwalimu, ambaye sasa amechaguliwa kuwakilisha kwaya, atakuwa mmoja wa watakaopiga kura.